Nafsi ya Kwanza Umoja: Mhandisi Anapoomba Usajili Ugenini



Mwaka juzi kijana mmoja alinijia nyumbani na bahasha ya kaki. Alikuwa na miaka sita kwenye barabara za mikoani, na sasa anataka kwenda Australia. Kabla ya yote alitakiwa apeleke andiko la kuonyesha uwezo wake wa kihandisi. "Mzee," akaniambia, "hesabu ziko sawa. Wewe niangalizie Kiingereza tu." Nikavaa miwani. Ukurasa wa pili nikakutana na habari ya kalvati moja, nami nawasomea kwa Kiswahili: Zege lilimwagwa. Sampuli zilichukuliwa. Ilibainika kwamba nguvu ya zege haikufikia kiwango. Hatua stahiki zilichukuliwa.

Nikaweka karatasi mezani. "Nani alimwaga zege?"

"Mafundi wa zamu."

"Nani alichukua sampuli?"

"Mtu wa maabara."

"Nani alibaini?"

Akasita. "Mimi."

"Na hizo hatua stahiki ni zipi, na alizichukua nani?"

Akacheka kile kicheko cha aibu. "Mzee, tulikuwa timu."

Mhadhara wangu wa leo ni juu ya jibu hilo. Nitataja bodi, mikataba na sheria za nchi kadhaa, kwa kuwa nimeombwa niseme juu ya usajili wa wahandisi wanaokwenda kufanya kazi nje. Lakini fomu zote nilizowahi kuzijaza au kuwasaidia wengine kuzijaza, kwa rangi na ada zake tofauti, huzunguka swali moja: wewe ulifanya nini, na ni nani atakayesimama aseme ni kweli? Swali hilo sisi tumelelewa tusilijibu.

Aibu ya kusema "mimi"

Mtoto anayejitaja mbele ya wakubwa huambiwa ana umimi. Mkuu wa kazi aliyekesha peke yake akipiga hesabu, kesho yake kikaoni husema "tumefanya", na wanaomsikia humheshimu zaidi kwa hilo. Methali nayo ipo ya kutukinga na majigambo: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siwaambii muitupe. Mtaani ina ukweli wake, kwa sababu mtaani kuna mashahidi. Fundi aliyejenga msikiti wa pale kona hana haja ya kujisifu. Masika ishirini yamepita juu ya paa lake na hakuna ndoo iliyowahi kutegwa ndani.

Ofisini tumeongeza juu yake kitenzi cha kutendwa. Ilionekana. Iliamuliwa. Imeelekezwa. Ripoti zetu zimejaa kazi zisizo na mtendaji. Ni uandishi wenye adabu, na una faida nyingine ambayo hatuitaji hadharani: pasipo na mtendaji, lawama haina pa kukaa.

Sasa ichukue ripoti hiyo uipeleke kwa mtu aliyeketi Brisbane au Toronto. Barabara yako hajawahi kuipita. Waliokufundisha hawajui. Masika yetu hayawezi kukusemea kwake. Alichonacho ni faili, na faili likisema "tulijenga", anabaki kujiuliza ulikuwa nani kati ya hao waliojenga: aliyekokotoa, aliyeamuru, au aliyeshika mwavuli?

Taasisi ya wahandisi ya huko, Engineers Australia, imeliweka jambo hili wazi. Mwombaji ambaye shahada yake haiko ndani ya mikataba wanayoitambua huandika masimulizi matatu ya kazi zake, kila moja kati ya maneno 1,000 na 2,500. Kila aya hupewa namba, na yote huandikwa katika nafsi ya kwanza umoja. Halafu huja muhtasari wa kuonyesha uwezo gani umethibitishwa katika aya ya namba ngapi. Nilikokotoa. Nilikagua. Nilikataa. Anayenunua masimulizi ya mwenzake na kubadilisha jina la mto anajitafutia balaa, kwa sababu maandiko hulinganishwa, na anayenaswa hukataliwa na kufungiwa asiombe tena kwa muda.

Mimi swali hilo lilinikuta Uingereza nilipoomba usajili, na lilinikuta kwa mdomo. Mbele yangu wameketi wahandisi wawili wazee, wapole, chai mezani. Nikaeleza mradi wangu kwa dakika kumi na tano, ramani zimetandikwa, nimejiridhisha kabisa. Mmoja akaniuliza taratibu: "Umesema 'sisi' mara nyingi. Wewe ulikuwa wapi?" Nilichoshangaa ni kwamba kazi ile niliifanya kweli, tena usiku na mchana, lakini ulimi uligoma. Kiswahili changu chote cha adabu kilikuwa kimesimama mlangoni kama mlinzi.

Muhuri ulitoka wapi

Kabla hatujawalaumu wenye fomu, tujue kwa nini wanauliza.

Marekani, jimbo la kwanza kutunga sheria ya kuwasajili wahandisi lilikuwa Wyoming, mwaka 1907. Sababu yake haikuwa daraja wala ghorofa, ilikuwa maji. Wakulima wa nchi ile kavu walikuwa wakiomba haki ya kuchukua maji ya mito, na ramani za maombi zilikuwa zikichorwa na kutiwa saini na watu wa kila namna, wakiwemo mawakili na wathibitishaji wa hati. Mhandisi wa jimbo, Clarence Johnston, alichoshwa na mifereji ya kwenye karatasi isiyofanana na ardhi, akataka sheria ya kuamua nani anaweza kuweka jina lake chini ya ramani.

Mwaka huohuo, tarehe 29 Agosti, daraja la chuma lililokuwa likijengwa juu ya mto St. Lawrence, karibu na mji wa Quebec nchini Kanada, lilianguka. Walikufa wafanyakazi 75. Nguzo za chini zilizobeba mgandamizo zilikuwa dhaifu, na uzito wa chuma chenyewe ulikuwa umekadiriwa chini ya ulivyokuwa. Urefu wa sehemu ya kati ulikuwa umeongezwa kutoka futi 1,600 hadi 1,800, na uzito haukukokotolewa upya ipasavyo. Mhandisi mshauri, Theodore Cooper, alikuwa New York, mzee na mwenye afya mbovu, haendi saiti. Vijana wa saiti waliona vyuma vikipinda siku kadhaa kabla. Waliandikiana barua, wakabishana kama vilipinda kiwandani au pale juu ya mto. Mhandisi kijana, Norman McLure, akapanda treni hadi New York kumweleza mzee. Cooper alipeleka telegramu kwa kampuni iliyotengeneza chuma akitaka mzigo usiongezwe. Saitini hakikufika kitu, na jioni ile daraja likaenda majini na watu wake.

Tume iliyochunguza haikuandika kwamba ilibainika kuwa na kasoro. Iliwataja watu wawili, Cooper na Peter Szlapka aliyekuwa mhandisi msanifu wa kampuni, ikasema chanzo ni makosa ya uamuzi wao. Unaweza kuona ni ukatili. Mimi naona ndipo muhuri ulipopata maana yake: mahali pa kusimama mtu mmoja, mwenye jina, mwenye mamlaka ya kusema "simamisha", na mwenye kujibu asiposema.

Na sisi hatuhitaji kwenda Kanada kutafuta mfano. Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, tarehe 29 Machi, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Waliosimama pale kwenye kifusi hawakuuliza kuhusu shahada. Waliuliza: nani alikuwa anasimamia?

Sheria zetu zilikuwa zinalijua swali hilo siku nyingi. Tanzania ilikuwa na sheria ya kusajili wahandisi tangu 1968, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi tuliyonayo sasa iko chini ya sheria ya 1997. Kenya ina sheria ya 2011 iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, na Uganda imekuwa na yake tangu 1969. Mgeni anayekuja kufanya uhandisi Tanzania, hata awe amejenga nusu ya madaraja ya kwao, sheria inamtaka apite kwa Bodi kwanza. Kwa hiyo ugenini wanapotuuliza, wanatuuliza tunachowauliza.

Milango mitatu yenye funguo tofauti

Kijana anayetaka kuondoka huchanganya mambo matatu, nami naomba muyatenganishe leo, maana nimeona watu wakipoteza miaka na akiba kwa kubeba ufunguo wa mlango mmoja kwenda kufungua mwingine.

La kwanza ni tathmini ya uhamiaji. Ile ya Australia niliyoieleza ni ya namna hii. Inasaidia kupata viza; haikupi ruhusa ya kuweka muhuri kwenye mchoro. Ukitua Queensland utakuta sheria ya jimbo hilo inataka anayetoa huduma za kihandisi awe amesajiliwa na bodi ya jimbo, au afanye kazi chini ya usimamizi wa moja kwa moja wa aliyesajiliwa. Wengi huanza kwa njia hiyo ya pili, na hakuna aibu.

La pili ni cheo. Uingereza, neno "injinia" lenyewe halina mwenyewe. Anayekuja kutengeneza mashine ya kufulia naye huitwa injinia, kama vile kwetu fundi yeyote mwenye bisibisi. Kinacholindwa kisheria ni vyeo vinavyotolewa chini ya Engineering Council, kikiwemo kile cha Chartered Engineer. Unaweza kufanya kazi miaka mingi London bila cheo hicho, na mwajiri asikuulize. Lakini yako maeneo yenye sheria yake: mabwawa makubwa ya maji, kwa sheria ya 1975, husanifiwa na kukaguliwa na wahandisi walioteuliwa rasmi kwa kazi hiyo, na hapo urafiki na mwajiri haukusaidii.

La tatu ni leseni yenyewe. Marekani hutolewa na jimbo, jimbo kwa jimbo. Njia ya kawaida ni shahada, mtihani wa misingi ya uhandisi, uzoefu wa karibu miaka minne, kisha mtihani wa taaluma. Aliyesoma nje hupeleka masomo yake yakapimwe somo kwa somo. California humwongezea mhandisi wa ujenzi mitihani miwili, wa upimaji ardhi na wa matetemeko, na aliyewahi kusikia kitanda kikitembea usiku huko hahitaji kuelezwa kwa nini. Ajabu ni kwamba wahandisi wengi wa viwandani Marekani hustaafu bila kuwa na leseni, kwa kuwa majimbo mengi hayamdai anayefanya kazi ndani ya kampuni inayotengeneza bidhaa zake. Kwa hiyo kabla hujatoa senti, uliza: kazi ninayoiendea inataka muhuri wangu, au inataka mikono yangu?

Ghuba nako kuna utaratibu wake. Neno letu "mhandisi" lilitokea huko. Ni Kiarabu, na Waarabu nao walilipata kwa Waajemi, kwao likiwa na maana ya kipimo. Lilivuka bahari kwa jahazi bila karatasi. Wewe huvuki hivyo. Saudi Arabia, anayeingia kwa kazi ya uhandisi lazima asajiliwe na Baraza la Wahandisi la nchi hiyo, vyeti vyake vikishahakikiwa na chuo kilichovitoa, naye hupangwa katika daraja, kuanzia mhandisi wa kawaida hadi mshauri. Kibali cha ukaazi na usajili vimefungwa kamba moja. Ukiambiwa na dalali "utamalizana nayo ukishafika", jua anakusukuma ndani ya mtumbwi bila kafi.

Mikataba, na mahali inapoishia

Mwaka 1989 taasisi za nchi sita, yaani Australia, Ireland, Kanada, Marekani, New Zealand na Uingereza, zilitia saini Mkataba wa Washington. Kiini chake ni rahisi: shahada ya uhandisi iliyoidhinishwa na mwanachama mmoja huhesabiwa na wenzake kuwa ya kiwango sawa. Afrika Kusini iliingia mwaka 1999, ikawa kwa miaka mingi peke yake kutoka Afrika. Nchi nyingi za Asia ziliingia baadaye.

Yako mambo mawili ya kukumbuka. Mkataba ule unahusu shahada tu; mitihani, uzoefu na leseni vinabaki palepale. Na haurudi nyuma: shahada iliyotolewa kabla nchi yake haijaingia haipati kinga kwa sababu tu nchi imeingia leo. Wengi wetu humu, tuliohitimu Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, vyeti vyetu vilitolewa nje ya mkataba huo. Ndiyo sababu tunaandikishwa masimulizi wakati mwenzetu wa Cape Town anaonyesha cheti na kupita.

Karibu na nyumbani mambo ni mepesi zaidi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi zitambuane vyeti na taaluma. Juu ya msingi huo bodi za wahandisi za Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini makubaliano yao mwaka 2012, na Rwanda ikafuata. Mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa Kampala, asiye na doa, anaweza kuomba kusajiliwa Dar es Salaam bila kuanza moja. Lakini makubaliano hayo ni ya bodi. Afisa uhamiaji wa Namanga hakuyasaini. Yeye bado anataka kibali cha kazi. Nimewaona vijana wawili wenye muhuri wa kisasa kabisa wakirudishwa kwa kukosa karatasi ya aina nyingine.

Ona basi tofauti: anayekwenda Nairobi akiwa hajasajiliwa nyumbani hana cha kutambuliwa. Makubaliano yanasema "mhandisi aliyesajiliwa". Kila mwaka nakutana na mtu mwenye miaka kumi kazini ambaye hakuwahi kumaliza usajili wa hapa, akisema bodi ya nyumbani ni usumbufu, atajisajili hukohuko aendako. Hukohuko, ukurasa wa kwanza wa fomu, ataulizwa namba yake ya nyumbani.

Mali bila daftari

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakimwambia mwenye duka, nami nawaambieni ninyi.

Bodi yetu ina mpango wa mafunzo kwa vitendo kwa wahandisi wahitimu, ulioanza mwaka 2003, wa miaka mitatu, na ndani yake kuna daftari la kazi linalosainiwa na msimamizi. Vijana wengi huliona ni adhabu. Hulijaza usiku mmoja kabla ya kuliwasilisha, kwa kalamu moja, rangi moja, miezi sita kwa mkupuo, na wino hauna hata doa la chai. Msimamizi naye husaini kwa kuwahurumia. Wamejinyima shahidi wao mkuu.

Lijaze siku ileile. Andika kazi, andika vipimo, andika ulichoamua na kwa nini. Ukipinga jambo, andika ulilipinga kwa hesabu gani. Ukikosea, andika.

Msimamizi wako mpate akiwa hai na akiwa bado anakukumbuka. Mimi nilipoomba, kampuni niliyoanzia kazi ilikuwa imefungwa, mmoja wa wathibitishaji wangu yuko kaburini, na michoro yangu ya miaka minne ilikuwa stoo ya mtu, imeliwa na mchwa hadi ikabaki kingo za karatasi. Nilisafiri siku mbili kumtafuta mzee mmoja aliyestaafu akalima korosho. Alinikumbuka kwa sababu niliwahi kugombana naye juu ya mfereji. Ugomvi ule ndio ulioniokoa.

Jina nalo. Cheti cha kuzaliwa kinasema Saidi, cha sekondari Said, shahada ina jina la babu na pasipoti haina. Dada zetu walioolewa wanajua zaidi. Kwetu hili humalizwa kwa maneno, "ni mimi huyuhuyu". Ugenini kila herufi ni mtu mwingine. Kaape, pata hati ya kiapo, rekebisha kabla hujatuma chochote.

Na chuo. Usiondoke na cheti tu. Ondoka na orodha ya masomo pamoja na maelezo ya kila somo, ya mwaka uliosoma wewe. Wapimaji huuliza hisabati yako ilikuwa na nini ndani, na mtaala hubadilika. Matokeo na barua za uthibitisho wengi wao huzitaka kutoka chuoni au bodi moja kwa moja, zisipite mkononi mwako. Mjue basi, kwa jina na kwa simu, mtu wa ofisi ya usajili anayetuma barua hizo. Msalimie hata siku ambayo huna shida.

Mlango wenyewe una makosa

Nisije nikaonekana nimekuja kuwatetea wenye milango. Milango hiyo ina makosa yake.

Kwa miaka mingi Ontario, jimbo lenye watu wengi kuliko yote Kanada, ilimtaka mwombaji wa leseni awe na angalau mwaka mmoja wa uzoefu wa Kanada. Mwajiri naye akitaka mwenye leseni, ukapata kuku na yai: huna kazi kwa kuwa huna leseni, huna leseni kwa kuwa huna kazi. Katikati ya mduara huo waliishi watu waliosanifu mitambo ya umeme kwao, wakiendesha teksi usiku mjini Toronto. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2023. Tujiulize: kama nguvu ya zege ni ileile Mwanza na Toronto, mwaka ule ulikuwa unapima nini? Ulikuwa unapima kama tumekuzoea.

Bado kuna ada zinazolipwa kwa dola na mwenye mshahara wa shilingi, na fomu zinazodhani kila mhandisi duniani amefanya kazi katika kampuni yenye idara ya utumishi inayojibu barua pepe. Haya yasemwe na bodi zetu zinapokutana na bodi zao. Nasi tuyaseme tukiwa na madaftari yaliyojaa, maana mwenye daftari tupu hasikilizwi hata akiwa na haki.

Karatasi ya pili

Nirudi kwa kijana wangu. Nilimrudishia bahasha bila kusahihisha neno hata moja la Kiingereza. Akaniangalia kama mtu aliyedhulumiwa. Nikamwambia: nenda ukamtafute mtu aliyefanya hizo hatua stahiki, umlete.

Alirudi baada ya wiki mbili. Safari hii alikuwa na daftari lake la saiti, jalada limekatika, ndani kuna vumbi jekundu. Aya yake mpya, naisoma tena kwa Kiswahili, ilisema hivi: Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha. Sikupima unyevu wa mchanga, na sikupunguza maji ya kuchanganyia. Siku ya saba nilipokea matokeo ya sampuli, megapaskali 11, wakati nilitarajia zisipungue 16. Nilisimamisha kazi ya ukuta wa pili. Siku ya 28 zilifika 17, na mkataba ulitaka 25. Nilimwandikia mhandisi mkazi kwamba kosa lilikuwa langu, nikapendekeza ukuta ubomolewe. Tangu siku hiyo nilipima mchanga kila asubuhi kabla ya zege la kwanza.

Nilipomaliza akauliza kwa sauti ndogo, "Mzee, hii si itaniharibia?"

Miaka minne alikuwa ameificha habari hiyo ndani ya maneno mawili ya heshima. Pamoja na kosa lake alikuwa amemficha pia yule aliyesimamisha kazi mkandarasi akipiga kelele, aliyehesabu siku 28 bila usingizi, na aliyesaini barua ya kubomoa ukuta wake mwenyewe. Huwezi kumtoa mmoja mafichoni ukamwacha mwingine. Anayesema "nilisimamisha" lazima awe tayari kusema "sikupima". Nilimwambia aitume ilivyo.

Sasa yuko Queensland. Anafanya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, na anajaza daftari jipya. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe akiuliza kama nilibakiza nakala ya ile karatasi yake ya kwanza, ile ya hatua stahiki. Kuna kijana amemfuata na bahasha, anataka amwangalizie Kiingereza tu.